Pampu Hutengenezwa Wakati wa Mvua

Siku yangu ya kwanza kazini kama fundi wa pampu, kwenye kisima kimoja upande wa Isinya, Msimamizi wa Maji alinionyesha injini ya dizeli, mkanda, na rodi, yaani chuma kirefu kinachozunguka ndani ya mabomba kuendesha pampu kule chini. Rodi ilikuwa inalia krr, krr! Nikamwuliza, "Mkubwa, hii si imeisha?"

"Imeisha, lakini utasimamisha aje? Ona hiyo laini ya ng'ombe. Ngoja mvua."

Nikangoja. Mvua ikanyesha, ng'ombe wakaenda mabwawani, msimamizi akafunga kibanda. "Sasa unatengenezea nani?" Haki ya Mungu, ndivyo tulivyoishi! Kiangazi hakuna nafasi, mvua ikija hakuna haja.

Nikahamishiwa kisima cha Kajiado. Krr ile ile! Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mama Naisula, mjane. Kiangazi kilichotangulia, rodi ya hapo ilikatika, na kabla haijaungwa ng'ombe wake wakafa kando ya birika kavu. Alibaki na mitamba wachache, na hao ndio waliokuwa riziki yake yote.

Mvua ilipoanza nikamwendea. "Yeiyo, mama yangu, leo tunang'oa mabomba."

"Leo? Na watu wameshiba maziwa, wamelala?"

"Ndio maana. Leo hakuna ng'ombe anangoja."

Akanikazia macho, kisha akacheka. "Wewe Mkamba uko na kichwa ngumu. Twende!"

Akapita boma kwa boma akiwafokea wanaume, "Mnangoja ng'ombe wakufe ndio mshike kamba?" Wakaja wakinung'unika, shuka zikichuruzika maji. Tukavuta bomba baada ya bomba. Lo! Rodi ilikuwa imelika ikabaki nyembamba kama mswaki wa mti. Hakuna aliyenung'unika tena. Wiki hiyo hiyo tukafunga mpya.

Kiangazi kilikuja kikali. Visima vya jirani vikanyamaza kimoja kimoja, chetu kikanguruma. Mitamba wa Mama Naisula wakanywa mpaka wakashiba, nami nikarukaruka pale kibandani, mtu mzima mimi!

Sasa nimestaafu, niko Kitengela. Vijana, kitu hutengenezwa siku ambayo hakikusumbui, na siku hiyo ndiyo ngumu kuliko zote.

Majuzi mvua ilipoanza, Mama Naisula alinipigia simu akipaza sauti, "Tunavuta mabomba!"

"Umezunguka boma ngapi kuwaita?"

"Hata moja! Nimefika kisimani nikawapata wameshika kamba, wananiuliza mbona nimechelewa."