Dele la Marehemu Mzee wa Al-Rawdah

Habari za msiba zilinifikia Jumanne nikiwa kwenye foleni ya benki: yule dada niliyefanya naye kazi nyumba moja Jeddah amefariki, na wameshamzika kwao Machakos. Nilitoka kwenye foleni nikarudi nyumbani. Wasomaji wa siku nyingi mnajua kwamba kabla ya kushika kalamu nilishika usukani, miaka ile maajenti walipokuwa wakitusafirisha Uarabuni kwa mafungu. Yeye alikuwa mfanyakazi wa ndani, mimi dereva, huko Al-Rawdah, mtaa wa matajiri, ambako watu hutupa vitu ambavyo kwetu vingerithiwa. Nimechoka kuandika tanzia, lakini hii siwezi kuikwepa.

Kila Ramadhani ilipokaribia, madam alisafisha stoo. Hapo ndipo dada alipoonyesha ujuzi wake. Alichambua redio za mbao, vyetezo, saa za ukutani na madele ya kahawa ya shaba. Aliligeuza dele kutafuta muhuri wa fundi kitakoni, na akanikataza kulisugua. "Wacha hivyo, kaka. Hao wazee wa haraji wanataka uzee wake. Uking'arisha umeliua." Haya yalisemwa na mtu aliyeshinda akisugua sakafu! Ijumaa nilivipeleka haraji, soko la vitu vikuukuu, na wapenzi wa vitu vya kale waliviparamia. Pesa dada aliziweka, maana alitaka afungue duka la vyombo kwao, asirudi tena kuosha vya watu.

Alikuwa na desturi moja. Hakuchukua hata kijiko kabla ya kuniita jikoni. "Madam, sema tena mbele ya kaka. Hii umenipa?" Madam alicheka. "Halas, chukua! Mafi shida," yaani basi, hakuna shida. Nikamtania dada kwamba anataka hati ya kumiliki takataka. Hakucheka. "Kaka, huku maskini akishika kitu kizuri, ni mwizi kwanza."

Mwaka wa tatu, bosi wetu, mume wa madam, alipita haraji akakuta dele la marehemu baba yake kwenye mkeka wa mchuuzi. Madam alikuwa amelitoa bila kumuuliza. Mchuuzi akasema aliuziwa na dereva, nasi tukaitwa sebuleni. Madam alitazama zulia. Dada akasema kwa utulivu, "Baba, madam alinipa. Uliza kaka, alikuwepo." Bosi akanigeukia. Ikama yangu, kile kibali cha kuishi kule, ilikuwa mkononi mwake, ikingoja kufanywa upya. Nikasema, "Mimi nilipewa mfuko na huyu nipeleke. Sikujua umetoka wapi."

Dada hakunitukana. Siku ya tatu nilimpeleka mimi mwenyewe uwanja wa ndege, kafukuzwa kwa wizi. Njiani nikamwambia, "Nisamehe, dada. Niko na watoto."

"Hata mimi niko nao," akasema.

Tunawalaumu sana makafili, waajiri wanaotudhamini kule, na wengi wanastahili. Lakini siku ile kafili aliuliza swali akangoja jibu, na aliyedanganya ni mtu wa kwao dada. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imenifikisha mbali: nilimaliza mkataba, nikasomesha watoto, nikapata safu hii. Yeye, nasikia, sifa ya wizi ilimtangulia nyumbani, na duka hakulifungua. Namba yake nilikuwa nayo miaka yote. Leo naandika kwamba alipewa, na haimfai kitu. Kama kuna mtu unayeweza kumsafishia jina kwa sentensi moja, mpigie simu angali anapokea.