Chunjua Chini ya Glavu za Kanisa

Ya kwanza ilichipuka kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kulia, ndogo kama punje ya mtama, nikaidharau. Nilidhani ni sugu ya kukamua. Kwetu Manyatta, karibu na mji wa Embu, msichana hukamua kabla ya kwenda kazini, kwa hivyo kidole chenye kasoro si habari. Lakini chunjua haina haya. Iliita ndugu zake, nao wakaita wakwe zao, na kabla ya mvua kwisha mkono ulikuwa umejaa vivimbe vigumu vyenye uso wa koliflawa, kutoka kidoleni hadi karibu na kifundo cha mkono. Haviumi, haviwashi. Vinakaa tu, na havisemi vitaondoka lini.

Kila mtu alikuwa na dawa yake. Jirani alisema zimeniota kwa sababu nilihesabu nyota, nikamwambia kwamba nikitoka kazini huwa nimechoka hata kuangalia juu. Mama alimshuku ng'ombe wetu, ambaye chuchu zake zilikuwa na vitu vya aina hiyo, na kwa muda akawa anamnyima mazungumzo. Nilipaka utomvu wa mgomba mpaka blauzi zangu zote zikawa na madoa meusi. Nyanya alisugua kila chunjua kwa kipande cha nyama mbichi, akakifukia nyuma ya jiko, ili nyama ikioza nazo zioze. Mbwa alikifukua mchana huohuo akakila. Nilimchunguza mbwa yule kwa majuma, na hakuota hata moja.

Mwishowe nilienda hospitali. Daktari aliushika mkono wangu bila kuogopa, jambo lililonifurahisha kuliko dawa, akasema ni virusi vya ngozi tu. Si saratani, si laana. Akanipa dawa ya kudondoshea, akaniambia nivumilie, kwa sababu nyingi huondoka zenyewe.

"Lini, daktari?"

"Zikitaka."

Basi nikaanza kuzificha. Nilikuwa nauza katika duka la agroveti mjini, la dawa za mimea na mifugo, na wapo wateja ambao wakiona mkono wangu walikuwa wanaomba chenji iwekwe kwenye kaunta. Nikazoea kuvaa plasta. Ndivyo alivyonikuta mkulima mmoja wa Kiirua, kule Meru, ambaye alikuwa akileta viazi Embu na siku hiyo alitaka dawa ya ukungu. Akauliza mkono umefanya nini. Nikasema nimeungua na sufuria.

Akanipa pole kwa sauti ya upole sana, na pole hiyo ndiyo iliyoniponza. Alirudi juma lililofuata, plasta bado zipo, nikasema ni mafuta ya chapati. Akarudi tena, nikasema ni mvuke wa githeri. Kufikia wakati aliposema anataka kuleta wazee nyumbani, nilikuwa nimeungua, kwa maneno yangu mwenyewe, na kila chakula kinachopikwa pande hizi za mlima, na uji pia.

Niseme wazi kwamba niliogopa. Niliogopa ile dakika ambayo angeutazama mkono wangu, halafu atazame pembeni. Nilikuwa nimeiona kwa wateja na nikaizoea, lakini kwake yeye nisingeiweza.

Siku ya ruracio, siku ya wazee wake kuja kuzungumza mahari, shangazi yangu alichukua usukani. Desturi ni kwamba msichana hufunikwa leso kuanzia kichwani, akapangwa mstari mmoja na wasichana wengine wa kimo chake, na bwana harusi anamtafuta wake. Akikosea, analipa mbuzi, na wakwe hawamsahaulishi mpaka uzeeni. Shangazi aliutazama mkono wangu akaguna.

"Hiyo mkono wakiiona watasema ni kitu ya ukoo. Wataanza kuuliza nyanya ya nyanya yako alikufa na nini."

"Nitaweka plasta, shangazi."

"Plasta ni ya mgonjwa. Glavu ni ya mtu wa heshima."

Akatoa kwenye mkoba wake glavu nyeupe ambazo akina mama wa kanisani huvaa wakipokea waumini mlangoni. Tukavaa sote, mimi juu ya plasta zangu, na malapa ya aina moja, na leso za rangi moja. Mtu angetupeleka barabarani tungeongoza magari.

Chini ya leso niliona ardhi tu, halafu nikaona viatu vyake, vimepigwa rangi ikakolea, ila pembeni kulibaki matope ya Kiirua. Vikaja mpaka kwangu, vikasimama, vikapita. Vikaenda mwisho wa mstari, vikarudi, vikapita tena. Wanawake wa kwetu walianza kucheka. Mimi nilianza kutokwa na jasho.

"Kijana, chagua," shangazi akasema. "Ukikosea ni mbuzi."

"Mama, hapa siwezi. Naomba watoe glavu."

Shangazi akasimama mbele yetu.

"Glavu hazitoki. Ni desturi."

"Desturi ya wapi?" Huyo alikuwa mjomba wake, mzee mwenye sauti nzito. "Hata sisi Meru tunafunika wasichana, lakini ya glavu ndio naona leo."

Shangazi, ambaye alikuwa ameitunga desturi hiyo asubuhi ile, hakutetereka.

"Kutoa glavu ni mbuzi."

"Tumekubali," mzee akasema haraka, kabla mbuzi hajapata mwenzake.

Wenzangu wakavua. Mimi nikabaki nazo, nimefumba vidole, nikijiambia kwamba sivui. Halafu nikagundua kwamba aliyebaki na glavu peke yake tayari ameshajitangaza. Nikavua. Na kwa kuwa nilikuwa nimechoka, nimechoka kabisa na sufuria na chapati na mvuke, nikaanza kubandua plasta pia. Zikawa zinadondoka moja moja chini ya leso, mbele ya wageni, na sikuokota hata moja.

Viatu vikaja moja kwa moja. Akaushika mkono ule, akapitisha kidole gumba juu ya ile chunjua ya kwanza, ile kubwa.

"Huyu ndiye wangu," akasema, akaniinulia leso. Alikuwa ananitazama mimi, na hakutazama pembeni.

Vigelegele vikapigwa. Nikamnong'oneza, "Ulijua?"

"Tangu ile siku ya mvuke wa githeri. Hakuna mtu anaungua mahali pamoja kila wiki."

"Mbona hukusema?"

"Hukutaka nijue. Nikasema basi, sijui."

Nililia, na podari yote ambayo shangazi alikuwa amenipaka ikaharibika. Nikiwa bado nalia, mama wa mchumba wangu akapenya katikati ya watu, akaushika mkono wangu, akavaa miwani, akaukagua kama anayechagua mbegu ya viazi.

"Hii ni chunjua?"

"Ndiyo, mama."

"Si moto?"

"Si moto."

Akashusha pumzi ndefu. "Bwana asifiwe. Mwari wakwa, binti yangu, huyu kijana aliniambia kila ukipika unaungua. Mwaka mzima naombea hiyo mkono kwa felosipu. Nilikuwa nimeogopa siku moja utatuchomea nyumba."

Kwa hiyo hata kwa mama yake alikuwa amenitunzia uongo wangu, neno kwa neno, pamoja na chapati na githeri.

Chunjua ziliondoka baadaye, zilipotaka zenyewe, bila kuaga. Nilikuwa napalilia maharagwe nikatupia mkono jicho, nikaona ngozi tupu. Mama mkwe anasema ni maombi, nami sibishani naye, ingawa maombi yenyewe yalipelekwa kwa ajili ya sufuria. Mume wangu ndiye aliyebaki akizikumbuka. Tukikaa jioni, kidole gumba chake bado hupita pale kwenye kidole changu cha shahada, kikitafuta, kisha hutulia hapohapo.