Namba Moja Kwenye Kila Flashi

Mtaani walimwita Mzee Flashi, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kibanda chake kilikuwa na upana wa mlango mmoja na nusu. Ndani mlikuwa na kompyuta yenye feni ya kulalamika, na kiti ambacho mkewe alikuwa ameushona mto wake mara tatu. Humo ndimo alimojaza nyimbo kwenye flashi za watu. Mteja akiingia hakumwuliza anataka nini. Alimtazama tu, akajua. Mwenye saluni alimwekea za mapenzi yenye kununa kidogo. Mwenye bucha alimwekea za kuchangamsha, na katikati akapenyeza za dini mbili tatu ili dhamiri itulie.

Kuna jambo moja alilolijua yeye, na wateja hawakulijali: redio hizi za bei nafuu hazina kumbukumbu. Umeme ukikatika na kurudi, hazijui zilikuwa zimefika wapi. Zinaanza upya na wimbo namba moja. Shikeni hilo, maana ndilo lililomponza.

Binti yake wa pekee alikuwa mshonaji kwenye kiwanda cha sare za shule. Tangu darasa la kwanza aliimba na binti wa seremala, jirani yao, na wawili hao wakajiita Chanda na Pete. Ilipofika siku ya kutoa wimbo wao wa kwanza, "Hata Nusu", binti aliomba likizo kazini ili auhangaikie. Msimamizi wake, mama asiyependa maneno mengi, alimwambia, "Mashine yako nitaishikilia mpaka Jumatatu ya mwisho wa mwezi. Saa mbili kiti kikiwa wazi, nampa mwingine."

Wimbo ulitoka mtandaoni Ijumaa asubuhi. Mpaka Jumapili ulikuwa umesikilizwa mara sitini na moja, na nusu ya hizo ni Mzee Flashi mwenyewe. Vituo viwili vya redio walivyovipelekea wimbo havikujibu hata kwa tusi. Mtu mmoja asiyejulikana aliandika chini yake, "Sauti zipo, wimbo hakuna," na maneno hayo manne binti aliyasoma mpaka simu ikaisha chaji. Mwenzake alilia siku moja, akanawa uso, akarudi kumsaidia baba yake kupiga vanishi. "Tutatoa mwingine," alisema. Wako watu Mungu amewapa moyo wa mpira, ukianguka unadunda. Binti wa Mzee Flashi hakupewa huo. Alijifunika shuka akageukia ukutani, na chakula kikapoa mlangoni.

"Mwache alie, kisha arudi kazini," mkewe alisema. "Kulia hakujaua mtu."

Maneno ya busara, lakini nani alimsikiliza? Jumanne asubuhi fundi wa matairi alileta flashi yake, na Mzee Flashi, bila kuulizwa, akauweka "Hata Nusu" uwe namba moja. Alijiambia anawaonjesha tu. Baada ya fundi wa matairi akaja mwenye saluni, kisha mwenye bucha, kisha wa duka la rangi. Wote waliondoka na Chanda na Pete kichwani mwa flashi.

Jumamosi binti alitumwa sabuni. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, na ulirudi yeye akiwa katikati ya barabara. Kwa mpigo mmoja, saluni, bucha, kwa fundi wa matairi na duka la rangi, kote akasikia sauti yake. Alisimama na sabuni mkononi kama mtu aliyeitwa jina lake na umati. Halafu akakimbia mpaka kibandani, na kwa kuwa alikimbia, hakusikia kilichofuata.

"Baba! Wanaupiga! Mtaa mzima!"

"Si nilikwambia?"

"Wanauomba wenyewe?"

Angeweza kusema kweli. Lakini uso ule ulikuwa haujacheka kwa siku nane, na yeye alikuwa baba, tena baba dhaifu.

"Wanauomba," akasema. "Mpaka nachoka."

"Mbona mtandaoni namba hazipandi?"

"Watu wa hapa wana bando la kuchezea? Hapa wimbo ni flashi, mwanangu."

Jioni, jikoni, mkewe alimwuliza akiwa amempa mgongo, "Wanauomba kweli?" Mzee akajipakulia wali. "Unamvika mtoto kilemba cha ukoka, baba watoto. Kikinyauka utamfunika nini?"

"Wape muda. Wataupenda."

Na aliamini hivyo, hapo ndipo pa kumhurumia. Jumatatu ya mwisho wa mwezi ilifika. Saa mbili kasoro binti alikuwa mezani na daftari, anatunga wimbo wa pili, na viatu vya kazini viko chini ya kitanda. Mzee Flashi alimwona. Alikoroga chai yake iliyokwisha kukorogwa, akaimaliza, akaenda kufungua kibanda.

Wiki hiyo wateja walianza kurudi. "Mzee, huu wimbo wa kwanza umeganda?" aliuliza mwenye saluni. "Umeme ukirudi tu, hao! Wateja wananiuliza kama sina mwingine. Hebu nitolee."

"Kirusi cha kompyuta hicho, dada," akajibu.

Akamtolea. Alimwita mwanawe kirusi ili aibu isimpate. Hata hivyo mwenye saluni aliporudi kuongeza nyimbo, aliuweka tena.

Njia ya mwongo ni fupi. Alhamisi binti alikwenda bucha. Alikuwa wa tatu kwenye foleni umeme ulipokatika, na wa kwanza uliporudi. "Hata Nusu" ukaanza juu ya kichwa cha mwenye bucha, na kwa fundi wa matairi ng'ambo, na saluni. Binti akainamisha uso afiche tabasamu. Mwenye bucha alikuwa akimsimulia mteja habari ya goti lake. Bila kukatisha habari, bila hata kutazama, aliinua mkono wenye damu akabonyeza kitufe kwa kidole kidogo. Ukaja wimbo mwingine. Ng'ambo ukazimwa. Saluni ukazimwa. Hata ubeti wa kwanza haukuisha.

"Huupendi ule?" binti aliuliza.

"Upi? Aa, ule? Ule haupendwi wala hauchukiwi, unakuja na flashi tu. Baba yako anauweka mwenyewe, sijui kwa nini. Nimeshamwambia mara mbili, anasema ni kirusi." Akaichomoa flashi, akaipangusa kwenye aproni, akamkabidhi pamoja na nyama. "Fanya hisani, mpelekee autoe. Mwambie na kirusi kina mwisho."

Hakujua anaongea na mwimbaji mwenyewe. Sauti iliyomchosha wiki nzima ilikuwa mbele yake ikasema, "Sawa, nitampelekea."

Mzee Flashi alimwona akiingia na nyama mkono mmoja na flashi mkono wa pili, akaelewa yote. Alisimama. Binti akakaa kwenye kiti chake, akachomeka flashi, akaitafuta namba moja. Kompyuta ikauliza kama ana uhakika anataka kufuta. Akabonyeza ndiyo. Akaichomoa, akaiweka mezani taratibu.

"Tayari," alisema. "Atakuja kuichukua."

"Mwanangu, nilitaka tu..."

"Mashine yangu ameshapewa mtu, baba. Ningekwenda Jumatatu. Ungeniambia hawautaki, ningelia, halafu ningekwenda."

Hakupaza sauti. Angepaza, mzee angepata pa kujitetea.

Miezi ikapita. Binti alipata kibarua cha kupiga vifungo kwa mkono kwenye duka la mshonaji mmoja, kazi ya kuumiza macho. Nyumbani hakununa. Alimwamkia baba yake, alimletea chai. Ila mzee akimwambia mvua haijaanza, alifungua dirisha atazame. Akimwambia mboga imeiva, alifunua sufuria.

Siku moja alikuwa uani anafua, na kwa kusahau akaanza kuimba "Hata Nusu" chini chini. Alifika kwenye ubeti wa pili, pale sauti yake inaposhuka peke yake na kumwacha mwenzake juu. Mtaani hakuna aliyefika pale. Wote walibonyeza mapema. Mzee Flashi alikuwa amepafika mamia ya mara, na kila mara macho yalimlowa. Hakuwahi kumwambia. Alikuwa ameshughulika mno kumwambia wanavyoupenda watu.

Akatoka mpaka mlangoni. "Hapo unaposhuka," akasema. "Hapo pazuri, mwanangu. Wallahi ni pazuri."

Binti akaukatisha wimbo. Akakamua shati, akalitundika kwenye kamba, akalinyoosha mikono yote miwili.

"Asante, baba," akasema kwa adabu, kama mtu anayepokea chenji dukani, kisha akainama kuchukua nguo nyingine.