Picha ya Mji Kutoka Juu

Projekta ililetwa shuleni kwetu Mocímboa da Praia ndani ya boksi la plastiki, pamoja na kompyuta ndogo na betri ya sola. Shule ilikuwa imefunguliwa tena si zamani. Tulikuwa tumerudi kutoka Pemba, kutoka Montepuez, kutoka popote tulipokuwa tumejibanza miaka ile ya vita. Darasa langu la tano lilikuwa na kuta na bati jipya juu, lakini madirisha yalikuwa matundu matupu. Madawati hayakutosha, kwa hiyo watoto wengine walikaa kwenye mikeka.

Diretor, mwalimu mkuu wetu, aliniita ofisini akanionyesha boksi.

"Wewe ndiye uliyekuwa unachora," akasema. "Chukua wewe."

Kweli nilikuwa nikichora. Kabla ya vita nilifundisha kwa kartaz, makaratasi makubwa ya kutundika ukutani. Nikikosa karatasi nilichora mgongoni mwa kalenda za zamani: moyo, mapafu, mhindi na mizizi yake, ramani ya jimbo. Watoto wetu huingia shule wakijua Kiswahili na Kimwani, Kireno hawana. Mtoto aliuona mzizi akasema "mzizi", nami nikamwambia "raiz", basi neno likamkaa. Kartaz zote ziliungua pamoja na shule. Niliporudi, watu walinipa pole kwa nyumba na kwa mume wangu. Diretor alinipa pole kwa kartaz. Niliwajibu wote kwa sauti ile ile moja.

Alikuja kijana kutoka ofisi ya elimu kunifundisha kutumia kile chombo. Alikuwa mpole, akasema jambo moja ambalo nimelishika mpaka leo. "Usiwasomee yaliyoko ukutani. Waulize wanaona nini, halafu nyamaza. Ngoja wao waseme." Picha alikuwa ameshaziweka ndani ya kompyuta, somo moja moja.

Ukuta wa darasa ulikuwa na viraka vya saruji na picha zilitokea zimepinda, nikaona nitafute kitambaa cheupe. Nilikwenda dukani kwa mzee mmoja ambaye ukoo wake ulitoka Mtwara, nikamwambia anipimie bafta. Akasimama na kitambaa mkononi.

"Innalillahi," akasema. "Nani tena?"

"Hakuna mtu. Ni ya shule. Ya kuonyeshea picha."

"Alhamdulillahi." Akapima, akakata, akakunja vizuri sana, kama wanavyokunja ile ya sanda. Nilimshukuru nikaondoka.

Madirisha tuliyaziba kwa kanga. Wanafunzi wa kike waliziomba kwa mama zao, na giza lililopatikana lilikuwa na rangi rangi, lakini lilitosha. Somo la kwanza nilionyesha moyo unavyopiga. Watoto walipiga kelele za furaha. Mmoja alishika kifua chake, jirani yake akamshika na yeye, na muda si muda darasa zima lilikuwa linasikilizana vifua. Nilijua hilo ni somo zuri. Nililijua hivyo hivyo kama ninavyojua tano mara tano.

Wiki zilizofuata tuliangalia mvua inavyopanda kutoka baharini, na chakula kinavyoshuka tumboni. Halafu tukafika kwenye somo la ramani. Kijana wa ofisi alikuwa ameweka picha ya mji wetu iliyopigwa kutoka angani, ili watoto waone mahali panavyogeuka kuwa ramani. Sikuwa nimeifungua kabla. Betri ilikuwa haivumilii na sikutaka kuimaliza kwa kujitazamia.

Nikaiwasha. Ikatokea ghuba, ikatokea bandari na gati lake, zikatokea barabara na mapaa, mengi, yamebanana. Nikauliza kama nilivyofundishwa, "Mnaona nini?" Nikanyamaza.

Wakaanza na bahari. Wakauona msikiti. Wakaiona shule yenyewe, wakacheka kwamba wamo ndani ya picha. Kisha msichana mmoja aliyekuwa akikaa mkekani karibu na bafta akasimama.

"Profesora, ile nyumba yetu," akasema. "Ina paa."

Wengine wakainuka. Kila mmoja akawa anatafuta. "Na yetu! Na yetu ina paa!"

Yule msichana akanigeukia. "Nani ameijenga?"

Ndipo nikaelewa kwamba picha ilikuwa ya zamani, ya kabla ya vita. Mitaa ile yote ambayo leo ni kuta nyeusi na majani, pale ilikuwa imesimama. Nao watoto walidhani picha ni ya leo, kwamba tangu asubuhi walipotoka nyumbani kuna mtu amepita na kuezeka mji mzima.

"Hii ni picha ya zamani," nikasema. "Imepigwa kabla hatujakimbia."

Wakatulia. Nilifikiri wameelewa. Lakini yule msichana alikuwa bado anahesabu jambo lake kichwani.

"Basi babu yumo ndani?"

Babu yake alikuwa amekataa kukimbia. Mji mzima ulijua habari ile. Watoto wote wakanitazama mimi, hawakumtazama yeye.

"Wakati picha inapigwa, ndiyo," nikasema. "Pengine yumo."

Akaketi. Hakulia. Alikaa akiliangalia lile paa akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa jibu la hesabu na kuliona limetimia.

Mimi nilikuwa nimekwisha kuiona nyumba yetu. Niliiona mapema kuliko wao, maana ilikuwa nyepesi kutambua: upande mmoja bati, upande mmoja makuti. Mume wangu alikuwa seremala. Aliezeka bati upande wa ukumbi kwanza, akasema upande wa vyumba utasubiri. Ulikuwa bado unasubiri vita vilipoingia. Siku hiyo mimi nilikuwa Diaca kwa dada yangu, tukakimbilia njia ya Mueda na watu wa huko. Yeye alikuwa mjini. Sijakutana na mtu aliyemwona tangu siku hiyo, wala aliyemzika. Kwa hiyo nilipoona lile paa la namna mbili nilijua kwamba siku ya picha yeye alikuwa hai, huenda chini ya bati, huenda uani na mbao zake. Nilingoja nione kitakachonipata. Hakikunipata kitu. Nikachukua rula nikawafundisha watoto kipimo cha ramani, sentimita moja ni mita ngapi, wakaandika.

Kesho yake wazazi walianza kuja. Watoto walikuwa wamewaambia kwamba profesora ana mji kwenye kompyuta. Walisimama mlangoni wakipiga hodi, wanawake kwa wanaume, na diretor akaniruhusu kuwaonyesha mchana masomo yakiisha. Nilidhani watalia. Wachache walilia. Wengi walitaka kujua mambo ya kawaida: njia ya kwenda kisimani ilipita wapi, ua wa jirani ulikomea wapi, kwa sababu alama zote zilikuwa zimeungua na majani yamefunika. Majirani wawili waliokuwa hawasalimiani kwa ajili ya mpaka walikaa dawati moja, wakabishana mbele ya bafta, mwisho mmoja akasema, "Haya, njia ilipita upande wako, nimeona," na wakatoka pamoja.

Habari ilifika hata Quionga, kwa mama mkwe wangu. Aliishi huko kwa binti yake tangu vita. Tangu nirudi tulikuwa tukizungumza kwa simu, na kila mara nilipogusia hitima ya mwanawe alinikata. "Humsomei mtu hitima hujui yuko wapi," alikuwa akisema. Mimi sikubishana. Nilikuwa sina nguvu ya kutaka wala ya kukataa.

Alifika Ijumaa baada ya sala, na kikapu cha nazi. Nilimpokea nikipiga magoti kidogo kama ilivyo desturi, nikamkalisha dawati la mbele, nikashusha kanga za madirishani, nikawasha.

"Iko wapi?" akauliza.

"Ile pale, mama. Nusu bati."

Akainuka akaenda mpaka kwenye bafta. Akanyoosha mkono kugusa, na kivuli chake kikalifunika paa, kikafunika mtaa wote.

"Sogea kidogo, mama. Unaziba."

Akasogea. Akaweka kidole kando ya paa, kwenye doa dogo la rangi ya mchanga uani. "Hapa alikuwa anarandia mbao. Takataka zake hizi." Huenda ilikuwa kweli. Kutoka juu doa ni doa tu. Nilitaka kumkuzia picha aone vizuri, lakini ukiikuza inavunjika vipande vipande na huoni hata paa. Nikaiacha ilivyokuwa.

Alilia akiwa amesimama, bila sauti kubwa, paji la uso limegusa kitambaa, na mji ukamwangukia kichwani na mabegani. Nilimshika bega. Lilikuwa la moto. Nilisimama naye mpaka akamaliza.

"Wewe hulii?" akaniuliza, akijifuta kwa ncha ya kanga.

"Haiji, mama."

Alinitazama sana. Nilidhani atanilaumu. Akasema tu, "Zima, mwanangu. Betri ya watu itakwisha." Nilipokuwa nazungusha waya, akasema nyuma yangu, "Tutasoma hitima. Jumapili, kama mwalimu wa chuo ana nafasi."

Jumapili tukasoma, kwenye nyumba niliyopanga tangu nirudi. Mwalimu wa chuo alikuja na wanafunzi wake wa Kurani, majirani walileta mchele, mzee wa duka alileta tende. Mama mkwe alipika bokoboko mwenyewe na hakukubali kusaidiwa. Mimi nilipokea watu, nikaitikia pole zao, nikaosha sinia. Baadaye wageni walipoondoka nilitandika mkeka ukumbini, nikalala alasiri yote, usingizi mzito ambao sikuwa nimeupata kwa muda mrefu. Nilipoamka nilikuta amenifunika shuka.

Hakurudi Quionga. Alisema binti yake ana watu wa kutosha. Asubuhi ananichemshia chai naenda shule, nikirudi ananiuliza leo watoto wameangalia nini. Namwambia: mfupa, mbegu, sayari. Diretor aliniomba niitoe picha ya mji, kwa kuwa wazazi walikuwa wanaacha shughuli zao na somo lenyewe limekwisha. Nilikubali. Niliwapeleka watoto nje wakachora mtaa wetu ulivyo leo, kwa penseli na rula: nyumba ipi imeezekwa, ipi ni ukuta, ipi ni majani. Yule msichana alichora nyumba yao kama mraba wazi, akaandika pembeni kwa Kireno, bila kosa, "casa sem tecto", nyumba isiyo na paa. Nilimpa alama zote, nikachukua karatasi ya mwenzake aliyefuata.