Mistari Mifupi ya Shefu Ilunga

Siku yangu ya kwanza katika kampuni ndogo iliyogawa umeme mtaani kwetu Kamina, Shefu wa Idara, Ilunga, alinifundisha msimbo, yaani maandishi yanayoiamuru kompyuta. "Mustari isipite herufi makumi munane," alisema. "Kitu moja, mustari moja. Kama inapita écran," akagonga skrini kwa kidole, "jicho inabaki huku, neno inapotea kule." Nilidhani ni ukaidi wa uzee tu.

Alipofariki tulishika desturi ya ofisi: huigusi kazi ya marehemu kabla ya kumtaja kwa sauti na kumweleza unachobadilisha. Vijana, chekeni. Sisi tulifanya hivyo.

Kisha akaja Mkurugenzi mpya, akaunganisha mistari bila kumwambia mtu, hai wala mfu. "Papa, écran iko kubwa sasa. Juu ya nini tunakata mistari?" aliniuliza, akitaka sababu. Tulibishana wiki nzima, maana mimi ubishi nilizaliwa nao.

Asubuhi moja tulikuta mistari imekatika tena, kila kitu mahali pake. Kompyuta huweka jina la aliyebadilisha, na safari hii iliweka la Ilunga.

"Njo weye, Papa," Mkurugenzi alinishutumu.

"Haiko minyi," nilikana.

"Nikikukamata, kazi inaisha, unarudia kwako." Akaiunganisha upya.

Wakati huo mke wangu, Mama Ngoie, alikuwa amelazwa kliniki, akipumua kwa mashine ya oksijeni. Mchana mmoja umeme ulipungua, na programu ikaanza kukata mtaa mmoja baada ya mwingine. Mkurugenzi akiwa kando yangu, niliufungua mstari mrefu unaoorodhesha sehemu zisizokatwa umeme kamwe, nikausogeza hadi mwisho. Kliniki haikuwamo. Mkurugenzi alipounganisha aliidondosha, na kwa kuwa mwisho wa mstari ulikuwa nje ya skrini, hakuona. Nilinyoosha mkono niiandike.

Kabla sijagusa kitufe, mstari ulikatika wenyewe mbele ya macho yetu, neno kwa neno, kwa mwendo wa mtu anayeandika bila papara. Neno la mwisho likawa kliniki, peke yake. Mkurugenzi alirudi nyuma mpaka ukutani.

Nilikimbia hadi kliniki. Mama Ngoie alikuwa anapumua vizuri.

"Ule shefu yako wa zamani anatoka hapa sasa hivi," aliniambia. "Alikuwa anapiga vidole ku drap, hii shuka yangu, sawa vile muntu anaandika."

"Alisema nini?"

"Eti kule kazi iko mingi. Anauliza utastaafu siku gani."

Sasa nimestaafu. Watu wananiambia nipumzike, na kusema kweli, ninaogopa.