Hesabu ya Watu Wawili

Binamu yangu alisomesha fizikia Malindi, nami hisabati, shule moja. Jioni tulikuwa na wazimu wetu: kukokotoa ni mara ngapi nyutrino itagonga elektroni. Nyutrino ni chembe inayopenya ukuta, ardhi na miili yetu bila kugusa chochote, isipokuwa kwa nadra mno. Jibu la kwanza hupatikana upesi. Kazi iko kwenye masahihisho madogo, maana elektroni ikigongwa huweza kutoa nuru kidogo, na nuru hiyo hubadili hesabu. Profesa wangu wa Nairobi aliyataka masahihisho hayo katika tasnifu yangu. Mama aliyatazama makaratasi akauliza, "Na hii huliwa kwa mchuzi gani?"

Ukijumlisha mahali pa kutoa, kurasa zote zimeharibika. Kwa hiyo tulikuwa na sharti: kila mmoja akokotoe peke yake, asimwambie mwenzake jibu mpaka wote wamalize. Ukishalijua jibu la mwenzio, mkono hulifuata wenyewe. Binamu yangu alilishika sharti hilo kuliko kadhi. Nikianza kuguna tu, alinifukuza barazani kwake.

Kisha figo zikamshinda. Akarudishwa kijijini Ganda kwa mamake, akawa wa kulala sebuleni, miguu imevimba. Kila Jumamosi nilimkuta amesogea mistari michache. Mimi nilikuwa nimeshamaliza. Nilimwomba Mungu naye amalize, wala si kwa ajili ya tasnifu. Niliona kwamba maadamu ana hesabu mkononi, hatakufa. Ni ujinga, lakini niliushikilia.

Jumamosi moja hakuinua kalamu.

"Hebu nambia jibu lako," akasema.

"Maliza lako kwanza. Sharti ni sharti."

"Nambia, ndugu yangu."

Mamake alikuwa akimpepea, hakuelewa kilichosemwa. Mimi nilielewa. Nikamwambia polepole, tarakimu kwa tarakimu, naye amefumba macho.

"Hata mimi nilikuwa naelekea hapo," akasema.

Tulimzika wiki hiyohiyo. Profesa aliponiuliza nani amehakiki hesabu, nilisema ni binamu yangu. Mpaka leo sijui kama kweli alikuwa akielekea hapo, au alinihurumia tu.