Filimbi ya Matrida na Tepu ya Bomba

Kamati ya Muziki ya Kanda imetoa tamko, na tamko hilo limesomwa makanisani kuanzia Musoma hadi Bunda, baada ya matangazo ya ndoa na kabla ya tangazo la mbuzi aliyepotea: kuanzia tamasha la mwaka huu, ala zote zitafuata kinanda, na ala isiyofuata kinanda itapumzishwa. Tamko halikueleza kinanda chenyewe kinafuata nini. Matamko huwa hayaendi mbali kiasi hicho.

Huku Buhare aliyelisoma ni Gody, mwalimu wa kwaya na mpiga kinanda, ambaye siku za kazi hutengeneza simu mjini. Hakumtaja mtu. Hata hivyo wanakwaya wote waligeuka kumtazama Matrida. Kwaya ilikuwa na ngoma, kayamba, kinanda na filimbi yake, na hakuna aliyewahi kuishitaki ngoma kwa kosa la kushuka sauti.

Filimbi yenyewe si ile ya mwamuzi wa mpira. Ni bomba la aluminiamu refu kama mkono wa mtu mzima, sauti yake nzito na ya pole, kama ya mtu anayeongea akiwa ameshiba. Iliachwa na padri mmoja mzee kutoka Ulaya, aliyetumikia Butiama mpaka magoti yakamshinda. Kabla ya kuondoka alimpa katekista ampelekee Matrida, pamoja na salamu fupi: asiyeweza kuimba, apulize.

Maana Matrida aliwahi kuimba. Ni binti wa wavuvi wa Majita, anayeshona sare za shule pale Nyasho, na kwa miaka mingi alikuwa sauti ya kwanza ambayo ikipanda, hata waliokaa viti vya nyuma waliacha kusinzia. Kisha akaota rovu shingoni. Daktari alimwambia waziwazi kwamba rovu litatoka, lakini sauti huenda ikatoka nalo. Matrida alijibu kwamba marehemu nao hawaimbi, akatia saini. Tangu hapo sauti yake ni ya kukwaruza, na wateja wageni wakimpigia simu humwita baba. Yeye huwa hawasahihishi. Anawauliza tu vipimo vya mtoto.

Alijifunza filimbi peke yake, mchana, cherehani ikipumzika. Asiyejua angedhani mama yule amepata kitu cha kupotezea muda. Anayejua alisikia kwamba anapiga mistari ileile ya sauti ya kwanza, kwa vituo vilevile vya pumzi, ila chini, kana kwamba sauti imehama nyumba ikaenda kuishi bondeni.

Sasa, filimbi hiyo ina vipande viwili: kichwa na mwili. Kichwa huvaa juu ya mwili, ukikisukuma ndani sauti inapanda, ukikivuta nje inashuka, na hivyo ndivyo inavyolinganishwa na kinanda. Kwa miaka ile yote kiungo kilikuwa kimelika. Katikati ya wimbo kichwa kiliteleza chenyewe, na sauti ikazama taratibu kama mjumbe anayesinzia kwenye kikao. Mazoezini Gody alianza kutazama dari.

Siku moja alimvuta pembeni. “Mama Recho,” alimwambia, kwa jina la bintiye, “mimi sina neno na wewe. Ila wale wa kamati, kwenye tamasha kule Bunda, wana masikio. Ikiteleza tena, mimi itanibidi niiweke stoo.”

Matrida aliijua stoo ya kanisa. Ndimo alimokaa punda wa pango la Krismasi aliyevunjika mguu, tangu enzi za askofu aliyepita, akisubiri fundi. Kitu kikiingia mle, hakuna anayesema kimekufa. Kinasahauliwa kwa heshima.

Alijaribu kwanza karatasi ya kalenda, akaizungusha kwenye kiungo. Ilishika kwa wimbo mmoja, kisha mvuke wa pumzi ukaigeuza uji. Akafikiri kama fundi cherehani: akachukua uzi wa pamba, akausugua kwenye nta ya mshumaa, akauzungusha uzi kando ya uzi, bila kupandana, jinsi baba yake alivyokuwa akifunga mipini ya visu vya kuparia samaki. Kichwa kikashika. Ukikivuta kwa nia kinakuja, usipokigusa hakiendi popote. Ilikuwa kazi safi, na kama hadithi ingeishia hapo, kusingekuwa na haja ya kuisimulia.

Lakini jioni ile alikuja shemeji yake, Masatu, mdogo wa marehemu mumewe, fundi bomba anayefahamika kuanzia Nyasho hadi Kiabakari. Shemeji akija, hukai naye kupiga soga, unaingia jikoni. Matrida akaingia jikoni kusonga ugali. Masatu akabaki sebuleni na filimbi mezani, na Masatu ni mtu ambaye hawezi kuona kiungo kimefungwa uzi akanyamaza.

Matrida alipotoka na ugali na samaki wake, sato wa kuchemsha, uzi ulikuwa chini. Kiungo kilikuwa kimevishwa ile tepu nyeupe ya mabomba, raundi juu ya raundi, na kichwa kimeshindiliwa mpaka mwisho. Masatu alikuwa ameziba matundu kwa vidole na kujaza filimbi maji kutoka kwenye jagi la kunawia.

“Shemeji, angalia,” alisema kwa fahari. “Halivuji hata tone.”

Matrida alilitazama bomba lisilovuja. Mgeni hagombezwi chakula kikiwa mezani, wala baada ya chakula, akiwa ndugu wa mume. Alisema asante, akamnawisha.

Masatu alipoondoka, Matrida aliipuliza. Sauti ilikuwa juu ya kinanda, si kwa mengi, ila kwa kiasi kile kinachowafanya watu wakunje uso bila kujua kwa nini. Alivuta kichwa, hakikutoka. Alikimwagia maji ya moto, akakisokota kwa kanga, hakikutoka. Asubuhi akamwita shemeji arudi, akamweleza tatizo kwa upole: alitaka kiungo kinachoshika lakini kinachosogea. Masatu aliona huo ni mkanganyiko.

“Mimi nikifunga, nimefunga,” alisema. “Kuna koki pale Nyasho nilifungaga nikiwa kijana. Walishindwa kuifungua, wakaamua kujenga ukuta kuizunguka.”

Akatoa spana kubwa. Matrida akaiangalia spana, akaiangalia aluminiamu, akamwomba aiache tu. Tamasha lilikuwa Jumapili.

Kwa siku zilizobaki alifanya jambo ambalo hakumwambia mtu. Aligundua kwamba akipuliza kwa pumzi ndogo, kama mtu anayepoza uji wa mtoto, na kuyafunika matundu nusunusu, sauti inashuka mpaka kwenye kinanda. Inachosha, tena inadhoofisha sauti yenyewe, lakini inashuka. Alimrekodi Gody kwa simu akipiga nyimbo za tamasha, akawa anazifuata mezani kwake, sare za watoto wa watu zikingoja vifungo.

Bunda walifika jua limeshawasha mabati ya kanisa. Joto likipanda, filimbi nayo hupanda, na kinanda hakijui habari za joto. Katika wimbo wa kwanza Matrida aliivuta chini noti kwa noti, mabega yamekakamaa. Alikuwa sawa na kinanda, na karibu asisikike. Wimbo wa pili ndio uliokuwa na ubeti wa filimbi peke yake, ubeti ambao zamani ulikuwa wake kwa koo, na ubeti huo haupigwi kwa pumzi ya kupoza uji. Alijua ana njia mbili, akose kusikika au akosee mbele ya kamati.

Kati ya nyimbo hizo mshereheshaji alitambulisha wageni, kisha akawatambulisha walioongozana na wageni. Gody aliinama, akabonyezabonyeza kitu kwenye kinanda chake cha umeme, akainuka.

Kinanda kikaanza wimbo wa pili. Matrida akaingia kwa pumzi ndogo aliyoizoea, akasikia jambo la ajabu: sasa yeye ndiye alikuwa chini. Akaongeza pumzi. Bado. Akaongeza tena, akafungua matundu, akapuliza kwa kifua chote, na hapo ndipo filimbi na kinanda vikakutana. Alimtazama Gody. Gody alikuwa anatazama vidole vyake.

Ubeti ulipofika aliupiga wote, kwa vituo vyake vya zamani, bila kuubembeleza. Dorkas, aliyesimama naye sauti ya kwanza enzi zile, alipaswa kuingia kwenye mstari wa mwisho. Hakuingia. Alisahau.

Baadaye, wakiwa wamekaa kwenye kivuli cha ukuta na sahani za wali, Matrida alimuuliza mwalimu kama kinanda chake nacho kilipatwa na joto.

“Joto la Bunda, mama Recho,” alisema Gody. “Haliogopi umeme.”

Wakaendelea kula.

Taarifa ya kamati ilisomwa Buhare majuma machache baadaye. Inaipongeza kwaya ya Buhare kuwa mfano wa kuigwa katika kanda nzima, kwa namna ala zake zote zilivyofuata kinanda bila kuyumba. Sauti ya kinanda hicho haijashushwa mpaka leo.